Mashine ya keki za vijiti ya mashimo 12: ununue, au mkono unatosha?

Kwenye boksi la mashine hii kuna picha ya keki za vijiti zilizovishwa chokoleti ya pinki inayong'aa, nyingine zina masikio ya sungura, nyingine zimezungushiwa chenga za dhahabu. Mnunuzi anaamini ameinunua hiyo picha. Mashine yenyewe inaoka vikeki vya mviringo, bila kijiti na bila chokoleti, na kazi yake inaishia hapo. Kuvisha, kupamba na kukausha kunabaki mikononi mwako, na huko ndiko keki nyingi zinakoharibika. Kwa hiyo tunaipima kwa kile inachokifanya kweli, halafu tunailinganisha na njia ya mkono, ile ya kuvuruga keki na kuviringa matonge, ambayo Angie Dudley, Mmarekani anayejulikana mtandaoni kama Bakerella, aliipa umaarufu mwaka 2008.

Mashine hizi zinafanana sana hata majina yakiwa tofauti. Kuna vibao viwili vyenye nusu duara 12 kila kimoja, bawaba nyuma, kifungio mbele na taa mbili, na mara nyingi hakuna kitufe cha kupandisha wala kushusha joto. Kikeki kinatoka na kipenyo cha karibu sentimita 4. Kabla hujalipia, geuza mashine usome kibandiko cha chini. Kikiwa kimeandikwa 120V, hiyo imetengenezwa kwa ajili ya Marekani. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240, koili inatoa joto karibu mara nne ya lililokusudiwa na mashine inaungua ndani ya dakika chache. Adapta ya plagi haisaidii kitu, maana inabadilisha umbo la pini tu. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye wati nyingi kuliko za mashine, na hiyo ni nzito, ina kelele na ina gharama yake. Aliyepelekewa zawadi ya namna hii na ndugu wa ughaibuni alijue hilo mapema.

Sasa tuje kwenye kuoka. Rojo la keki ya sponji ya kawaida halifai. Linatoa kikeki laini mno ambacho kinapasuka katikati unapochomeka kijiti. Rojo liwe zito, lidondoke kutoka kwenye kijiko kwa mafungu, lisitiririke. Kipimo kinachofanya kazi vizuri ni hiki: unga wa ngano gramu 150, sukari gramu 100, baking pauda kijiko kimoja na nusu cha chai, chumvi kidogo, yai moja, maziwa mililita 120, na siagi gramu 60 iliyoyeyushwa ikapoa. Changanya vitu vya majimaji pembeni, mimina kwenye unga, koroga mpaka unga mkavu usionekane, uache. Ukizidi kukoroga, keki inakuwa ngumu na inatoboka vishimo virefu ndani. Hapo utapata vikeki 24 au zaidi kidogo, yaani awamu mbili za mashine.

Subiri taa ionyeshe kwamba joto limefika, na hata ikionyesha, ongeza dakika mbili kabla ya awamu ya kwanza, kwa sababu mashimo ya pembeni huchelewa kushika moto. Paka mafuta kwa brashi ya silikoni, juu na chini, kiasi cha kung'aa tu. Mafuta ya kopo la kupulizia tuyaache, kwani yanajenga utando wa kahawia unaonata ambao hautoki, na ukiukwangua umeondoa na ile rangi ya vibao inayozuia keki kunata. Rojo tia kwenye mfuko wa kupambia au kwenye chupa ya plastiki ya tomato iliyooshwa. Kijiko kinachafua kingo na kinachelewesha, na shimo la kwanza linakuwa limeshaanza kuiva hujafika la 12.

Ujazo ndio siri yote ya mashine hii. Jaza nusu ya chini mpaka ukingoni kabisa, kama kijiko kikubwa kimoja, gramu 20 hivi. Ukijaza chini ya hapo, rojo halifiki kwenye dari ya shimo na kikeki kinatoka na utosi bapa. Ukizidisha, linafurika na kuacha mkanda wa keki ngumu kiunoni mwa kila kikeki kama pete za sayari ya Zohali. Mkanda mdogo unakatwa kwa mkasi. Mkanda mkubwa unang'oka na nyama ya keki, na pale ulipong'oka hakuna chokoleti itakayoficha kovu.

Funga, acha dakika 4 hadi 5. Usichungulie kabla ya dakika 3, la sivyo kila kikeki kinagawanyika, nusu inabaki juu na nusu chini. Toa kwa kile kiuma cha plastiki kinachokuja na mashine au kwa kijiti cha mbao, kamwe si kwa kisu. Viweke kwenye waya vipoe.

Hapo mashine inastahili sifa. Ndani ya nusu saa una vikeki 24 vilivyolingana, jikoni hakuna joto la oveni, na umeme unaotumika ni mdogo. Kwa mtu anayepikia mkaa au gesi ya plati mbili na hana oveni, hicho ni kitu cha maana. Vikeki vyenyewe ni vyepesi, havitelezi kwenye kijiti, na kwa kuwa havina krimu ndani havichachi haraka kwenye joto. Ukienda na keki kwenye bethdei ya watoto uwanjani Morogoro au Kisumu, saa saba mchana, bila friji karibu, hivi ndivyo vitakavyofika salama.

Tatizo ni ulaji wake. Mashine inakausha. Ngozi ya nje ni ya kahawia na ina ugumu kidogo, na ikikaa wazi kwa saa chache inakuwa kama ya kaimati zilizolala. Siku ya pili, kama hukuvivisha chokoleti, vinafaa kuchovya kwenye chai tu. Anayeuma keki ya kijiti akitarajia ule ulaini mzito unaoyeyuka mdomoni ataona ameuziwa kitu kingine. Ulaini ule hauokwi. Unatoka kwenye keki iliyovurugwa na krimu.

Njia ya mkono inataka keki iliyopoa kabisa, ikiwezekana iliyookwa jana yake. Kata maganda yote ya kahawia ya juu na pembeni. Yakibaki, yanakuwa vipande vigumu ambavyo vinatokeza kwenye uso wa tonge na kuonekana kupitia chokoleti. Vuruga mpaka zibaki chembe laini zisizo na donge. Kwa gramu 500 za chembe, andaa krimu ya siagi gramu 40 na aisingi shuga gramu 80, lakini usiimwage yote. Anza na nusu, kanda kwa mkono, kisha ongeza kijiko kimoja kimoja. Pima hivi: fumbata kiasi kidogo ngumini na ukifungue kiganja. Likishikana bila nyufa na kiganja kikabaki kikavu, simamia hapo hapo. Likimeguka, ongeza krimu kidogo. Likiacha mafuta kiganjani, umeshapitiliza, na dawa yake ni kuongeza chembe za keki, wala usijidanganye kwamba friji italirekebisha.

Hili la krimu tunalisisitiza kwa sababu ndilo chanzo cha malalamiko matatu yanayodhaniwa ni ya chokoleti. Tonge lenye krimu nyingi ni zito na laini, kwa hiyo linashuka kwenye kijiti taratibu mpaka kijiti kinatokeza utosini. Mafuta yake yanatafuta njia ya kutoka na kuchuruzika pale kijiti kilipoingilia, yakiacha alama ya njano. Na mdomoni linafanana na rojo bichi, mteja anadhani keki haikuiva. Keki yenyewe ikiwa na unyevu mwingi, kama ya karoti au ya ndizi, huenda isihitaji krimu hata kidogo.

Pima kila tonge gramu 30 kwenye mizani ya dijitali. Utapata kama 20. Viringa kwanza kwa kubana, kisha kwa wepesi, mpaka uso uwe laini. Ufa mdogo wa sasa utakuwa ufa mkubwa baadaye. Ingiza kwenye friji saa moja hadi mbili. Friza inaruhusiwa kwa dakika 15 au 20 tu, halafu matonge yakae nje dakika 10 kabla ya kuchovya. Tonge lililoganda linagandisha chokoleti papo hapo, chenga hazipati muda wa kushika, kisha tonge linapopata joto linatanuka ndani ya ganda lisilotanuka, na ganda linapasuka kutoka juu mpaka chini. Ufa wa namna hiyo mara nyingi unajitokeza baada ya dakika kumi na kuendelea, mpambaji ameshahamia kwenye kazi nyingine.

Chokoleti ndiyo mahali pa kuweka pesa. Ukituuliza kati ya mashine nzuri na chokoleti nzuri uanze na ipi, jibu ni chokoleti bila kusita. Kwa mazingira yetu, na hasa Pwani, tunapendekeza kompaundi, ile ambayo mafuta ya kakao yamebadilishwa na mafuta magumu ya mimea, au vile vidonge vya rangi vya Candy Melts vya Wilton ambavyo ni vya jamii hiyo hiyo. Chokoleti halisi yenye mafuta ya kakao ni tamu zaidi, hatubishi, ila lazima ishushwe na kupandishwa joto kwa utaratibu. Nyeusi iyeyuke mpaka nyuzi 45 au 50, ishuke 27 au 28, ipande tena 31 au 32. Ukikosea inakauka na madoa ya kijivu, au haikauki kabisa. Tena mafuta ya kakao yanayeyuka karibu na nyuzi 34 na yanalegea kabla ya hapo. Jikoni Tanga au Mombasa mwezi wa pili, bila kiyoyozi, keki itaacha chokoleti kwenye vidole vya kila mgeni.

Kompaundi yeyusha taratibu mpaka nyuzi 40 au 45. Kwenye maikrowevu weka nguvu ya nusu, sekunde 30, koroga, rudia. Kwenye sufuria ya maji, maji yachemke kidogo tu na bakuli lisiyaguse, na ukilitoa ulifute sehemu ya chini kwa kitambaa kikavu, kwa maana tone moja la maji au mvuke linaifanya chokoleti yote ishikane kuwa udongo. Mwiko wa mbao nao huhifadhi unyevu, tumia wa silikoni. Ikiwa nzito, ongeza kijiko kimoja cha chai cha mafuta magumu ya kupikia, kama Kimbo, kwa kila gramu 200. Majarini na siagi zina maji ndani yake, zitaiharibu. Mafuta ya nazi yanashauriwa sana kwenye video za nchi za baridi, lakini yanayeyuka karibu na nyuzi 25, na kwa mtu wa Dar es Salaam hiyo ina maana keki isiyokauka. Uzito sahihi ni pale unapoinua kijiko na utepe unaodondoka kupotea juu ya chokoleti baada ya sekunde tatu au nne.

Rangi nayo iwe ya mafuta au ya unga. Zile za maji na za jeli tunazotia kwenye aisingi zitaigandisha kama maji yanavyofanya. Kompaundi nyeupe ina umanjano, ndiyo sababu bluu inageuka kijani hafifu. Tia kwanza rangi nyeupe ya mafuta, kisha bluu kidogo kidogo.

Kwa matonge 20 yeyusha gramu 450, ingawa yatakayobebwa ni kama 240. Ziada ni kwa ajili ya kina. Tumia glasi ndefu nyembamba, tonge lizame lote kwa mara moja. Chovya ncha ya kijiti kwenye chokoleti sentimita moja, chomeka mpaka katikati ya tonge, acha pagande. Chokoleti hiyo iliyoganda ndiyo inayolishika tonge, na kuruka hatua hii ni kulipoteza ndani ya glasi. Halafu lishushe wima mpaka chokoleti ifike kwenye kijiti na kuziba ule mzunguko wa maungio, litoe wima, liinamishe, na kwa mkono wa pili gonga kifundo cha mkono unaoshika huku ukikizungusha kijiti, mpaka matone yakome. Kugonga kijiti chenyewe ukingoni mwa glasi kunalegeza tonge. Pale maungio yasipozibwa ndipo mafuta yanapotokea.

Vikeki vya mashine vinachovywa hivyo hivyo, lakini uso wake una vitundu na alama ya maungio ya vibao. Koti moja jembamba linaonyesha kila kitu. Vinataka chokoleti nzito kidogo, au makoti mawili, jambo linaloongeza gharama ambayo muuzaji wa mashine hakuihesabu.

Chenga ndogo za sukari nyunyiza mara tu matone yanapokoma, juu ya sahani, ukizungusha kijiti. Lulu nzito na mapambo makubwa subiri sekunde 10 hadi 15, chokoleti iwe imeanza kufifia mng'ao, la sivyo yatateleza mpaka chini. Masikio na pembe bandika kabla ya kuchovya kwa tone la chokoleti, ili koti lipite juu na kuficha maungio. Macho na midomo chora baada ya kukauka, kwa kijiti cha meno au kalamu ya rangi ya kula.

Pambo linalotupendeza kuliko yote kwa harusi zetu ni maua ya hina. Koti liwe jeupe, lililokauka kabisa. Kompaundi nyeusi iyeyushwe bila kuongezwa mafuta, iachwe ipoe mpaka chupa au mfuko uwe vuguvugu tu mkononi, kwa kuwa ikiwa ya moto mstari unatambaa na kuyeyusha koti la chini. Kata ncha ya mfuko milimita moja. Egemeza mkono unaochora mezani, usiusogeze sana, zungusha kijiti kwa mkono wa kushoto na ua lijifungue lenyewe. Anza na nukta ya katikati, kisha majani, kisha kikonyo kinachozunguka mpaka upande wa pili. Uso wa tonge la mkono unalipokea pambo hili kama karatasi. Kwenye kikeki cha mashine kalamu inaruka kila inapokutana na mkanda wa katikati, na hata mkono mzoefu hauwezi kulificha hilo.

Stendi za kukaushia usinunue. Trei mbili za mayai zilizopinduliwa na kupachikwa moja juu ya nyingine, zikatobolewa, zinasimamisha vijiti vizuri, na lile povu jeupe la kwenye boksi la televisheni nalo linafaa. Vijiti vya karatasi vya sentimita 15 ndivyo bora. Vya mishikaki vinafaa kwa tonge dogo, ukate ncha, hasa kama walaji ni watoto.

Kuhusu friji: keki iliyovishwa ikitoka kwenye baridi kwenda kwenye hewa ya Pwani inatoka jasho, rangi za chenga zinachuruzika na mng'ao unakufa. Iweke friji ndani ya chombo kilichofungwa, na ukiitoa usifungue chombo mpaka kipoteze ubaridi wake. Yenye krimu ya siagi inakaa siku moja hadi mbili chumba chenye ubaridi, siku tano kwenye friji. Iliyotengenezwa kwa jibini laini isilale nje.

Kuna na njia ya tatu, mold (kalibu) ya silikoni ya vipande viwili, nayo haihitaji maneno mengi. Inaoka kwa nyuzi 175 kwa dakika 15 hadi 18, inataka oveni, ikae juu ya trei ngumu, na vipande visipobanwa vizuri rojo linavuja. Silikoni haipitishi joto haraka, hivyo kikeki hakipati ngozi ya kahawia na kinabaki na unyevu zaidi ya cha mashine. Mwenye oveni tayari, hii ni chaguo la busara kuliko mashine. Usiiweke kwenye sufuria ya kuokea kwa mkaa, kwa sababu joto la chini huko halina kipimo.

Alama zetu kwa mashine ni tatu kati ya tano. Inunue kama huna oveni, kama unaoka kwa ajili ya watoto na shule, au kama keki zako zitashinda nje kwenye joto. Kama unataka kuchukua oda za harusi na send-off, pesa hiyo nunua mizani ya dijitali, kipimajoto cha jikoni na kilo mbili za kompaundi nzuri, uanze na matonge ya mkono. Na ukishainunua, isafishe ikiwa bado vuguvugu kwa kitambaa chenye maji kidogo. Usiitumbukize kwenye maji, usiisugue kwa waya, na makombo ya kwenye bawaba yatoe kwa brashi kavu, maana hayo ndiyo yanayoungua awamu inayofuata na kuipa keki harufu ya moshi.